Tindikali "Dhaifu" Ilayo Kioo: Floridi ya Hidrojeni na Wajibu wa Istilahi za Kiswahili

1.0 Utangulizi



Huenda wapo miongoni mwenu wanaojiuliza mwanaisimu anatafuta nini katika tanuri la wanakemia. Jibu langu ni fupi: anafuata maneno. Mahali popote ambapo binadamu hutengeneza kitu kipya, hulazimika kukipa jina. Na jina likishatolewa huanza kufanya kazi yake lenyewe, ama kwa kumwongoza msikilizaji, ama kwa kumpoteza. Katika mhadhara huu ninakusudia kuichunguza dutu moja tu, floridi ya hidrojeni, ambayo alama yake katika kemia ni HF. Nitaeleza asili ya jina lake, sifa zake na namna inavyozalishwa. Kisha nitaonesha kwamba istilahi moja inayotumika kuielezea, yaani "dhaifu", ni sahihi kwa mwanakemia na ni ya hatari kwa asiye mwanakemia. Hoja yangu kuu ni kwamba istilahi ya sayansi haipaswi kupimwa katika kurasa za kamusi peke yake, bali pia pale inapobandikwa juu ya chupa.

2.0 Jina na Nasaba Yake

Tuanze na floraspa. Haya ni madini yenye floridi ya kalsiamu, nayo hupatikana katika rangi nyingi: ya zambarau, ya kijani, ya manjano, na mengine meupe yapitishayo nuru. Wafua madini wa Ulaya ya kale waligundua kwamba mawe haya yakichanganywa na mawe yenye chuma ndani ya tanuri, mchanganyiko huyeyuka na kutiririka kwa wepesi zaidi. Katika karne ya 16 Georgius Agricola, msomi wa Kijerumani aliyeandika kwa Kilatini, aliyataja mawe hayo kwa jina linalotokana na kitenzi *fluere*, yaani "kutiririka". Hapo ndipo lilipo shina la maneno yote ya ukoo huu.

Mwaka 1771 mwanakemia Carl Wilhelm Scheele, akifanya kazi nchini Sweden, alipasha moto floraspa pamoja na tindikali ya salfuriki. Aliona kwamba mvuke uliotoka ulikila kioo cha chombo chake. Huo ulikuwa mvuke wa floridi ya hidrojeni. Mwaka 1812 Mfaransa André-Marie Ampère alimwandikia Humphry Davy wa Uingereza kwamba bila shaka ndani ya tindikali hiyo mlikuwamo elementi isiyojulikana bado, na akapendekeza iitwe kwa jina lililotoka katika shina lile lile la kutiririka. Sisi tumelitohoa jina hilo kuwa "florini".

Miaka michache baadaye Ampère alibadili nia. Alipendekeza jina jingine kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya uharibifu. Wafaransa wenzake hawakulifuata, lakini Warusi na Wagiriki walilipokea, na hadi leo Warusi huiita elementi hii *ftor*. Kwa hiyo elementi moja ina majina mawili duniani: moja linasimulia kazi ya mawe tanurini, jingine linasimulia madhara. Wajerumani nao huiita tindikali yake kwa neno lenye maana ya "tindikali ya mtiririko", kwa kuwa wao walitafsiri picha badala ya kutohoa sauti.

Jambo la kuzingatiwa na wanafunzi wa isimu ni kwamba jina lilitangulia kitu. Florini yenyewe haikutenganishwa hadi tarehe 26 Juni 1886, Henri Moissan alipopitisha umeme katika floridi ya hidrojeni isiyo na maji, iliyoyeyushiwa chumvi ya potasiamu. Hiyo ni miaka 74 baada ya barua ya Ampère. Katika kipindi hicho watafiti kadhaa waliumizwa na dutu hii, na wengine, kama Paulin Louyet na Jérôme Nicklès, walipoteza maisha. Moissan alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1906.

Kiswahili kimechagua njia ya utohozi: *florini* kwa elementi, *floridi* kwa kampaundi zake. Njia hii ina faida ya kutuunganisha na istilahi za kimataifa. Hata hivyo, ina hasara mbili. Kwanza, neno lililotoholewa huja bila picha. "Florini" haimwambii Mswahili habari ya kutiririka wala ya kuharibu. Pili, *floridi* na *kloridi* hutofautishwa na konsonanti moja tu ya mwanzo. Kloridi ya hidrojeni ikiyeyushwa majini hutoa tindikali ya kawaida ya maabara na ya kusafishia vyuma. Floridi ya hidrojeni hutoa kitu kingine kabisa, kama tutakavyoona. Katika kelele za karakana au katika simu inayokatikakatika, konsonanti moja ni uzi mwembamba wa kuning'inizia uhai wa mtu.

Kuhusu mpangilio wa maneno, ninashauri tuseme "floridi ya hidrojeni" na si "hidrojeni floridi". Katika Kiswahili neno kuu la kirai nomino hutangulia na kivumishi hufuata. Dutu hii ni aina ya floridi. Hidrojeni ndiyo inayobainisha ni floridi ipi. Anayesema "hidrojeni floridi" hukopa sauti pamoja na sintaksia ya lugha ya kigeni, na mzigo wa pili haukuwa wa lazima.

3.0 Sifa

Molekuli ya floridi ya hidrojeni ina atomu mbili tu, moja ya hidrojeni na moja ya florini. Hata hivyo, tabia yake ni ya peke yake miongoni mwa jamaa zake. Kloridi ya hidrojeni huchemka katika nyuzi 85 chini ya sifuri za Selsiasi, bromidi ya hidrojeni katika nyuzi 66 chini ya sifuri, na iodidi katika nyuzi 35 chini ya sifuri. Kwa kufuata mwelekeo huo tungetarajia floridi, iliyo nyepesi kuliko zote, ichemke katika baridi kali zaidi. Badala yake huchemka katika nyuzi 19.5 juu ya sifuri. Maana yake ni kwamba katika joto la Dar es Salaam ni gesi, lakini katika asubuhi ya baridi ya Njombe ingeweza kuwa kimiminika.

Sababu ni mvuto baina ya molekuli. Florini huzivuta elektroni kuliko elementi nyingine yoyote. Kwa hiyo upande wa hidrojeni wa molekuli moja hunaswa na upande wa florini wa molekuli jirani, na molekuli zikashikana kama watu walioshikana mikono katika mstari. Wanakemia huuita mvuto huo bondi ya hidrojeni. Ili kimiminika kichemke, mikono hiyo sharti iachane, na hilo hudai joto.

Sifa ya pili ni ile iliyomshangaza Scheele: dutu hii hula kioo. Kioo hutengenezwa hasa kwa silika, ambayo ndiyo iliyomo katika mchanga. Tindikali nyingine, hata ile ya salfuriki, hukaa katika chupa ya kioo bila kuidhuru. Florini, kinyume chake, huing'oa silikoni kutoka katika silika na kuondoka nayo. Kwa sababu hiyo myeyuko wa floridi ya hidrojeni huhifadhiwa katika chupa za plastiki, na mafundi wa vioo wameutumia kwa muda mrefu kuchorea nakshi.

Sifa ya tatu ndiyo kiini cha mhadhara huu. Floridi ya hidrojeni ikiyeyuka majini hutoa tindikali ya hidrofloriki, na vitabu vyote vya kemia huiorodhesha miongoni mwa tindikali dhaifu. Vitabu havikosei. Katika kemia, nguvu ya tindikali hupimwa kwa kiwango cha kugawika kwa molekuli zake kuwa ioni. Katika myeyuko wenye moli 0.1 kwa lita, tindikali ya kloridi hugawika karibu yote. Ile ya floridi hugawika takriban molekuli 8 tu katika kila 100. Bondi baina ya hidrojeni na florini ni imara mno, haivunjiki kwa urahisi. Huo ndio "udhaifu" unaozungumzwa.

Sasa tazameni kinachotokea juu ya ngozi. Tindikali iliyogawika huunguza palepale. Mtu huhisi, hupiga kelele, hukimbilia maji. Molekuli nzima ya floridi ya hidrojeni, kwa kuwa haikugawika na haina chaji, hupenya ngozi na kuzama ndani ya nyama. Huko ndani huachilia floridi, na floridi hutafuta kalsiamu: ile ya damu na ile ya mfupa. Kalsiamu ikipungua ghafla katika damu, moyo hupoteza mapigo yake. Myeyuko uliozimuliwa unaweza usilete maumivu kwa saa kadhaa, pengine hadi siku nzima. Mtu huendelea na kazi zake akidhani amerukiwa na maji. Kwa maneno mengine, ule udhaifu wa kikemia ndio unaoipa dutu hii njia ya kuingia.

Tiba yake inathibitisha maelezo haya. Baada ya kuosha mara moja kwa maji mengi, ngozi hupakwa jeli ya glukonati ya kalsiamu, ili floridi ipewe kalsiamu ya kushikamana nayo kabla haijaichukua ya mgonjwa, naye hupelekwa hospitali bila kukawia hata kama haoni jeraha.

4.0 Uzalishaji

Mtambo wa kuzalisha floridi ya hidrojeni haujaachana na jaribio la Scheele; umelikuza tu. Malighafi ni mbili: floraspa iliyosafishwa hadi kufikia angalau asilimia 97 ya floridi ya kalsiamu, na tindikali ya salfuriki iliyokolea. Floraspa husagwa kuwa unga, kisha vyote viwili huingizwa katika tanuri lililo mithili ya pipa refu la chuma linalozunguka polepole, likipashwa moto kutoka nje hadi mchanganyiko ufikie nyuzi 200 na zaidi. Tanuri hupashwa moto kwa sababu mmenyuko huu hauzalishi joto, bali hulihitaji.

Kinachotokea ni kubadilishana wenzi. Salfati huichukua kalsiamu, na floridi huondoka na hidrojeni ikiwa gesi. Kwa uzito, kila kilo 78 za floridi ya kalsiamu na kilo 98 za tindikali ya salfuriki hutoa kilo 40 za floridi ya hidrojeni na kilo 136 za salfati ya kalsiamu. Hii ya mwisho ni ndugu wa jasi, ila haina maji. Yaani kwa kila tani moja ya bidhaa, kiwanda hubakiwa na zaidi ya tani tatu za masalio. Gesi hupoozwa hadi iwe kimiminika, kisha husafishwa kwa kukenekwa. Floraspa yenye mchanga haifai, kwa kuwa silika hula sehemu ya bidhaa kabla haijatoka tanurini.

Nasi tuko katika habari hii. Katika Bonde la Kerio nchini Kenya, eneo la Kimwarer, floraspa ilichimbwa kwa miongo kadhaa na kusafirishwa ng'ambo kupitia Mombasa, hadi uchimbaji uliposimama mwaka 2016. Jiwe lilitoka kwetu. Tanuri lilikuwa kwingine, na majina yalitungwa kwingine. Kutoka katika tanuri hizo hupatikana vitu vinavyoturudia kila siku: gesi za majokofu, utando wa kikaango kisichoshika chakula, chumvi za kuyeyushia alumini, na visafishio vya vipande vya silikoni vilivyomo katika simu zetu. Gesi hizo za majokofu ndizo zilizojadiliwa Kigali, Rwanda, Oktoba 2016, nchi zilipokubaliana kupunguza matumizi ya hidroflorokaboni kwa sababu ya joto zinaloliongezea anga.

Aidha, floridi ile ile tunayo katika maji. Katika maeneo ya Bonde la Ufa, ikiwamo miteremko ya Mlima Meru mkoani Arusha, maji ya visima na mito mingi yana floridi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Meno hugeuka rangi ya kahawia na, pale inapozidi sana, mifupa hupinda. Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto maji hayo huchujwa kwa mkaa wa mifupa. Kwa nini mifupa? Kwa sababu ina kalsiamu. Jiwe la Kerio, jeli ya hospitali na chujio la Ngurdoto ni sura tatu za kisa kimoja: floridi na kalsiamu hazikubali kuachana, na zikitenganishwa kwa nguvu, floridi huitafuta kalsiamu popote ilipo.

5.0 Kali na Dhaifu

Turudi sasa katika isimu. Kiswahili kina maneno mawili kwa dhana moja: *asidi*, lililotoholewa, na *tindikali*. Darasani na maabarani *asidi* ndilo hupendelewa. Magazetini *tindikali* ndilo hutawala, hasa katika habari za mashambulizi ya kumwagia watu dutu hiyo, kama yale yaliyoripotiwa Zanzibar mwaka 2013. Neno la pili limebeba hofu. La kwanza limebeba mtihani. Tena masikio ya Mswahili husikia *-kali* mwishoni mwa *tindikali*. Tukisema "tindikali dhaifu" tumeweka ukali na udhaifu katika kirai kimoja, na msikilizaji hulazimika kuchagua auamini upande upi. Mara nyingi huuamini wa mwisho, kwa kuwa ndio anaodhani ni habari mpya.

Tatizo ni kubwa kuliko hilo. Huzoeleka kusema "asidi kali" na "asidi dhaifu" kana kwamba maneno haya ni kinyume. Katika Kiswahili si kinyume. Kinyume cha kisu kikali ni kisu butu. Kinyume cha mbwa mkali ni mbwa mpole. *Dhaifu* ni kinyume cha *-enye nguvu*: mgonjwa dhaifu, hoja dhaifu. Jozi hii imefungwa nira ya mnyama mkubwa na mdogo, ndiyo maana inakwenda upande.

Nayo *kali* hutumika kwa mizani tatu tofauti. Kwanza, kiwango cha kugawika kwa molekuli. Pili, wingi wa tindikali katika maji. Tatu, uwezo wa kudhuru. Mwanakemia huzitenganisha mizani hizi bila taabu. Mfanyakazi wa ghala, fundi wa vioo au mama aliyenunua dawa ya kuondolea kutu husoma neno moja na kulielewa kwa mizani ya tatu, kwa sababu hiyo ndiyo maana aliyolelewa nayo: jua kali, dawa kali, pombe kali. Kwake "dhaifu" ni sawa na "haidhuru".

Kwamba dutu hii hudhuru si nadharia. Tarehe 27 Septemba 2012, katika mji wa Gumi nchini Korea Kusini, takriban tani 8 za floridi ya hidrojeni zilivuja kiwandani. Wafanyakazi 5 walifariki dunia, na maelfu ya watu wa jirani walihitaji kuangaliwa na madaktari.

6.0 Mapendekezo

Kazi ya kuunda istilahi za sayansi haianzii leo. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Tunasimama juu ya kazi hiyo. Ninachopendekeza ni kuongeza kipimo kimoja: kila istilahi inayohusu usalama ijaribiwe kwa wasio wataalamu kabla ya kusanifishwa. Waulizwe neno limewaambia nini, na wangefanya nini baada ya kulisoma.

Kwa dhana tulizojadili, lugha tayari ina akiba. Kwa mizani ya kwanza tutumie kitenzi *gawika*: tindikali igawikayo kikamilifu, na tindikali igawikayo kidogo. Ni virai virefu, lakini vinasema kinachotokea. Kwa mizani ya pili tuna *kolea* na *zimua*, vitenzi vya jikoni vinavyojulikana na kila mtu: chumvi imekolea, maji ya moto yamezimuliwa. Kwa mizani ya tatu, na hiyo peke yake, tuiachie *kali* nafasi yake ya asili. Hapo tutaweza kusema bila kujikanganya: tindikali ya hidrofloriki hugawika kidogo, na ni kali sana, hata ikizimuliwa.

*Dhaifu* lisiandikwe kamwe juu ya kibandiko cha chupa. Na kwa sababu ya ukaribu wa *floridi* na *kloridi*, kila kibandiko kiwe na alama HF kwa herufi kubwa, pamoja na maelekezo ya huduma ya kwanza kwa Kiswahili.

7.0 Hitimisho

Nchini Tanzania mwanafunzi hujifunza sayansi kwa Kiswahili katika shule nyingi za msingi, kisha hukutana na kemia ya sekondari kwa Kiingereza. Wengi wao hawatakuwa wanakemia. Watakuwa wapakuzi wa mizigo bandarini, wasafishaji, mafundi na wauguzi, na siku watakapokutana na chupa hiyo watakuwa na lugha yao ya kila siku peke yake. Lugha hiyo ndiyo amana tuliyokabidhiwa sisi wa idara za Kiswahili. Tukiona kwamba uundaji wa istilahi ni kazi ya kujaza safu za kamusi, tutatosheka na neno lolote litakalopita. Tukikumbuka kwamba mwisho wa safari ya neno ni mkono wa mtu, tutauliza zaidi.